Ruta Chini ya Kitanda cha Baba Mkwe

Waifai si intaneti. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kulirudia. Intaneti inakuja mpaka nyumbani kwako kwa waya. Waya unaingia kwa kile kidude chenye taa kinachoitwa ruta. Ruta inachukua kilicholetwa na waya, inakitangaza hewani kama redio, na simu au kompyuta iliyo karibu inasikia na kujibu. Hayo mazungumzo madogo ya hapo nyumbani, kati ya ruta na vyombo vyako, ndiyo waifai. Ndiyo maana simu inaweza kuonyesha mistari imejaa yote na bado hupati kitu: unasikilizana vizuri sana na ruta ambayo yenyewe haina habari yoyote. Niliposoma hayo mara ya kwanza nilielewa haraka. Mtu wa aina hiyo nilikuwa nimeolewa naye.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Kibomet, Kitale, kwa ploti, zile nyumba za kupanga zilizoshikana. Mume wangu yuko kwa kazi ya ujenzi mbali. Huja nyumbani amechoka na huondoka amepumzika. Mimi hubaki kinyume chake. Mtoto wetu alikuwa amepita mwaka kidogo na kazi yake kubwa ilikuwa kutafuta sabuni ale. Mimi nilikuwa nafulia watu nguo, naye mgongoni. Mama mmoja niliyemfulia aliniambia siku moja, "Wewe unafua vizuri, shida ni hiyo redio umebeba." Redio! Nilimwanikia nguo zake zote nje-ndani, nikaenda.

Basi nikaona tangazo. Kampuni fulani ya intaneti ilikuwa inatafuta watu wa kujibu wateja kwa simu, kila mtu akiwa nyumbani kwake. Fomu foo inatosha, mradi uwe na kompyuta, hedifoni na mdomo. Kompyuta ya mume ilikuwepo, imeng'oka kibonyezo cha herufi moja tu. Mdomo sikuhitaji kuazima. Kazi ya kukaa chini na kuongea huku mtoto wangu yuko karibu, mimi nilikuwa nikiifanya bure tangu kuolewa. Niliitaka hiyo kazi mpaka nikaanza kuiota. Nilijiona nimekaa, naongea, hakuna beseni mbele yangu.

Wakanitumia masomo ya kusoma, kisha mtihani. Mtihani wenyewe: mtu wa kampuni anakupigia kupitia kompyuta, anajifanya mteja mwenye shida, wewe unamsaidia huku anakupa alama. Ukipita unaanza. Ukianguka, usubiri mwaka mzima ndio uombe tena. Na sharti moja: uwe kwa waifai ya nyumba. Bando za simu hawataki, kwa sababu waliotangulia walikatika katikati ya sentensi.

Sasa, waifai ya ploti ya Kibomet. Mwenye ploti aliweka ruta moja kwa veranda, akatoza kila nyumba, akaenda zake. Masomo yalinieleza kwa nini haikuwa na maana. Ruta haiwezi kuongea na wote kwa wakati mmoja. Inaongea kwa zamu, haraka haraka, na wote mnagawana hewa ile ile. Jirani wa mwisho anatazama mpira, wa katikati anapakua filamu za kuuza, na wewe unangoja zamu yako kama uko kwa foleni ya zahanati. Juu ya hayo, maruta ya ploti jirani yalikuwa kwa chaneli ile ile yetu. Chaneli ni njia ambayo ruta inaongelea. Mkiwa wengi kwa njia moja inakuwa kama Jumapili mahali makanisa mawili yamepakana ukuta na kila moja lina spika. Mungu anawasikia wote, lakini muumini haelewi kitu.

Nikaenda kwa keateka, yule mwangalizi wa ploti. "Si uingie hapo ndani ya ruta ubadilishe chaneli?"

"Mama Baby," akasema, "hiyo si maji ati nikufungulie mfereji yako pekee."

Nikampigia mume wangu. Yeye alikuwa amewawekea wazazi wake waifai kule Kanduyi, Bungoma, ili awe akiwaona usoni wakiongea. "Nenda kwa mama," akasema. "Atashika mtoto. Nyumba ni ya mawe, hakuna kelele. Waifai iko peke yake, hakuna mtu anaitumia."

Hakuna mtu anaitumia. Kama ningekuwa na akili hiyo siku, ningeuliza kwa nini.

Lazima nieleze jambo hapa, kwa wale hawalijui. Mimi nimezaliwa Matulo, na nimekua nikijua kwamba mke wa kijana hasalimiani kwa mkono na baba mkwe. Hakai kwa kiti chake. Hamtazami machoni akiongea. Na chumba cha kulala cha baba mkwe haingii, hata kama nyumba inaungua na yeye ndiye zimamoto. Maneno kati yenu yanapitia kwa mtu mwingine. Kwa baba mkwe wangu, ambaye hafanyi mambo nusu, huyo mtu mwingine alikuwa mtoto wangu.

"Mjukuu," angesema, macho kwa ukuta, "mwambie mama yako chai haina sukari."

"Ba," mtoto anasema.

"Baby," mimi nasema, macho kwa sufuria, "mwambie babu sukari imefungiwa."

Na ilikuwa imefungiwa kweli. Mzee alikuwa mtu wa stoo serikalini. Alistaafu, lakini stoo ilikuja naye. Sukari ilikuwa na kufuli. Jembe lilikuwa na kufuli. Kulikuwa na droo yenye kufuli ambayo ndani yake, mama mkwe aliniambia, kulikuwa na makufuli. Funguo zote alizivaa kwa kamba shingoni, na akitoka chumbani unamsikia kabla hujamwona.

Nilipofika, jioni, mama mkwe akanipokea mtoto, akanipa maji, nikauliza.

"Mama, ruta iko wapi?"

"Iko kwa chumba ya mzee."

"Wapi kwa chumba?"

"Chini ya kitanda."

"Chini ya kitanda hivi, wazi?"

"Wazi aje? Iko kwa sanduku."

"Sanduku gani, mama?"

"Ile ya chuma. Ile mume wako alienda nayo shule ya bodingi. Mzee alitoboa shimo na patasi pale ukingoni, chini ya kifuniko, waya ikaingia, akapiga kufuli." Akaniangalia. "Kwani ni mbaya?"

Nilikaa chini. Masomo yalikuwa na ukurasa mzima juu ya hilo. Mawimbi ya ruta yanapita mbao bila shida kubwa. Ukuta wa mawe yanapita yamechoka. Maji yanayameza. Lakini chuma hayapiti kabisa: yanagonga, yanarudi yalikotoka. Usiweke ruta sakafuni, walisema. Usiifiche kabatini. Iweke juu, katikati ya nyumba, mahali pa wazi. Na kwa vyovyote vile usiizungushie chuma. Mzee alikuwa amechukua kila "usi" ya ule ukurasa na kuitekeleza. Halafu akaweka kitanda juu, na juu ya kitanda akalala yeye mwenyewe, mtu mzito, na sehemu kubwa ya mwili wa mtu ni maji.

"Lakini kwa nini, mama?"

"Inameta-meta usiku. Alisema wezi wataona taa kwa dirisha. Tena watu wa barabara watakuwa wanainyonya, iishe."

Nikafungua kompyuta nikaanza kuzunguka nayo kama mtu anayetafuta harufu ya gesi. Sebuleni, hakuna kitu. Jikoni, hakuna. Nilienda mpaka choo cha nje, mama mkwe akinifuata na mtoto, akidhani labda nimeumwa tumbo. Hakuna. Mwishowe, nje ya nyumba, chini ya dirisha la chumba cha mzee, ukatokea mstari mmoja. Mmoja! Lile sanduku lilikuwa na ile tundu ya patasi, na kifuniko hakikukaa sawa kwa sababu ya waya, basi kidogo kilikuwa kinavuja.

Na kilichovuja ni ile bendi ya pole. Ruta nyingi zina sauti mbili. Moja ni ya mwendo wa chini lakini inaenda mbali na kupenya kuta; ni kama shangazi yako wa kijijini, anaongea polepole lakini anasikika mpaka kwa jirani wa tatu. Nyingine ina mwendo wa kasi sana lakini ukuta wa kwanza tu unaimaliza. Hiyo ni bibi harusi wa mjini, anaongea haraka na jikoni hasikiki. Dirishani pale nilimpata shangazi tu, naye alikuwa anaongea akiwa ndani ya sanduku.

Wakati wa chakula nikamwomba mama mkwe aulize. Akauliza vizuri, kwa heshima, ati mke wa mtoto ana mtihani kesho asubuhi, itolewe kidogo tu.

Mzee akatafuna. Akamgeukia mtoto. "Mjukuu, mwambie mama yako hiyo luta iliwekwa na watu wa kampuni. Vijana wamevaa viatu safi. Waliona sanduku na macho yao. Hakuna mtu alisema kitu."

"Ba."

"Baby, mwambie babu," nikasema, na sauti yangu niliishika na mikono miwili, "hao vijana walimwogopa."

Mama mkwe akakohoa.

"Mjukuu, mwambie mama yako kitu ya maana inakaa kwa chuma. Hata benki. Ulishaona benki wanaweka pesa kwa dirisha?" Akanawa mikono. "Mambo imeisha."

Usiku ule nilimeza maneno mengi kuliko ugali. Nikampigia mume wangu.

"Si umwambie tu mzee," akasema.

"Nimwambie nikipitia wapi? Kwa huyu mtoto wako anajua neno moja?"

"Bana, ni mtihani tu."

Nikakata.

Asubuhi mama mkwe alipeleka mahindi kwa posho mill yasagwe, mtoto akabaki ndani na babu yake. Nikachukua ndoo, nikaipindua, nikakaa chini ya lile dirisha, kompyuta magotini, hedifoni masikioni. Kuku walikuja kuangalia. Jogoo mmoja alionelea vidole vyangu vya miguu ni mahindi. Ndani nilisikia redio ya mzee ikisoma habari za mbolea. Mstari wangu mmoja ulikuwa unakuja na kwenda kama mgonjwa.

Kompyuta ikalia. Ilikuwa sauti ya mama wa Nairobi, safi, ya kupigwa pasi.

"Habari. Mimi ni mteja wenu na inta... yenu hai... tangu juzi."

"Pole sana, mama. Taa za ruta zinawaka?"

"Zina... zote."

Vizuri. Taa zikiwaka zote, waya uko sawa na shida iko hapo nyumbani. Nikauliza swali la pili, kama nilivyofunzwa. "Na ruta yenyewe imewekwa wapi?"

"Iko ndani ya kabati."

"Kabati ya nini, mama?"

"Ya chuma. Naogopa wezi."

Baadaye niliambiwa hilo ndilo swali wanalompa kila mtu, kwa sababu kumbe nchi hii imejaa watu wanaofungia ruta. Wakati huo sikujua. Niliona kama Mungu mwenyewe ameamua kunichezea. Nikamweleza kwa upole: chuma kinazuia mawimbi, aitoe, aiweke juu ya meza.

"Sitoi," akasema. Ndiyo kazi yake, kuwa mgumu. "Kampuni yenu ilisema itafika kila mahali. Mimi si... wa kufundishwa vitu vyangu vi... wapi."

Nikajaribu tena. "Ni kwa faida yako, mama."

"Mambo imeisha," akasema.

Nawaambia ukweli, hapo ndipo upole ulikwisha. Nilisimama. Ndoo ikaanguka, kuku wakatawanyika.

"Mzee wangu," nikasema, na hata sikujisikia nikisema mzee, "hiyo kitu si sukari! Haiishi kwa sababu mtu amepita barabarani. Mtu wa barabarani atainyonya na nini, na mrija? Ina paswodi. Paswodi ndiyo kufuli yake, na bila hiyo hakuna mtu ataingia, hata akilala hapo kwa ua. Kufuli ilikuwa imeshapigwa kabla hujaleta yako! Hiyo yako ya pili haimzuii mwizi. Inazuia watu wako. Umelipiwa kitu kizuri na mtoto wako, ili akuone uso, na umekifungia mahali hata wewe mwenyewe hukitumii. Na mtu wako wa nyumba, mtu anataka kazi, anataka kula jasho yake, amekaa nje na kuku kama mtu amekuja kuomba, anashikilia mstari mmoja! Unamfungia nani? Ebu niambie. Unamfungia nani?"

Kwa hedifoni ikaja sauti ya Nairobi, polepole: "Mzee? Mimi ni mama."

Na hapo nikagundua kwamba redio ndani ya chumba ilikuwa imezimwa.

Nikasikia funguo. Nikasikia kitanda kikiburutwa, kufuli ikifunguka, kifuniko cha sanduku kikilia. Pazia likasogea. Dirisha likafunguliwa, na mkono wa baba mkwe wangu ukaiweka ruta pale dirishani, taa zote zikimeta, ukaisukuma kidogo na kidole ikae sawa.

"Mjukuu," sauti ikasema kutoka ndani, "mwambie mama yako iko hapo."

"Ba."

Mistari ikajaa yote. Kompyuta ikahama yenyewe kwenda ile bendi ya kasi, na yule mama wa Nairobi akatokea masikioni mwangu kama ameketi kwa ukuta wa pili.

"Nani huyo?" akauliza.

"Ni mteja mwingine," nikasema.

"Amekubali?"

"Amekubali."

"Haya." Nikasikia anaandika. "Na mimi je?"

Nikainua ndoo, nikakaa, nikamhudumia mpaka mwisho kwa sauti ambayo hata mama yangu hajawahi kuisikia. Aitoe kabatini. Aiweke juu, katikati ya nyumba. Asiiweke nyuma ya televisheni wala karibu na tangi la maji. Kama anaogopa kunyonywa, abadilishe paswodi, aweke ndefu, na asiwape watoto wa jirani. Akasema asante, nitapigiwa. Akakata.

Nilibaki pale nikijua nimeanguka. Mtu hufokea mteja kwa mtihani wa kuhudumia wateja! Mwaka mzima mwingine na beseni. Nikaanza kulia, lakini kwa hasira, ile ya kulia huku unatafuta kitu cha kupiga teke.

Mama mkwe akarudi kutoka posho mill na unga kwa nywele zote, akaona dirisha wazi na ruta imekaa nje nje. Akaangusha gunia. "Woi! Sanduku imevunjwa!"

"Ni mimi," mzee akasema kutoka ndani.

"Wewe nani?"

"Mimi mwenyewe."

Mama mkwe aliniangalia, akaangalia dirisha, akaniangalia tena. "Umemwambia nini?"

"Sijamwambia kitu, mama. Nilikuwa naongea na Nairobi."

Chakula cha mchana kililiwa bila mtu kutumwa kwa mtu. Mtoto mwenyewe alishangaa.

Siku iliyofuata simu ikaja. Yule mama akaniambia bila kuzunguka kwamba kwa upole nimepata alama mbaya kuliko wote waliofanya. Nikasema ndiyo, najua. "Lakini," akasema, "wateja huniambia 'sawa, nitaitoa' halafu hawatoi. Wako nilimsikia akiitoa." Wangenichukua kwa majaribio. Kwa mwezi wa kwanza kungekuwa na mtu anasikiliza kila simu yangu. Nikipandisha sauti mara moja, nimekwisha.

Nilipiga vigelegele jikoni. Mama mkwe akapiga vyake bila kujua vya nini. Kisha nikakumbuka kwamba sina pa kufanyia hiyo kazi. Kibomet haiwezekani, na waya wa hapa unaishia kwa chumba ambacho mguu wangu haukanyagi. Kuuhamisha ni kutoboa ukuta wa mzee upya, na ukuta wake yeye anauhesabu kama mtoto wake wa kwanza. Na huwezi kuhudumia watu kwa ndoo, mvua za Bungoma zikija.

Sikusema kitu. Nilikuwa nimeshasema ya kutosha. Lakini asubuhi ya pili nikaamka kwa kelele, nikatoka, nikakuta mzee na mama mkwe wameshika kitanda, kimekwama mlangoni, wanalaumiana. Kilitoka. Kikaenda chumba cha nyuma, kile cha magunia. Godoro likafuata, kisha nguo zake, kisha ile droo ya makufuli. Mzee akafagia mwenyewe. Akaleta meza na kiti. Ruta akaipandisha juu ya rafu ya ukutani, juu kabisa, mlango wa chumba akauacha wazi.

Kisha akaenda kusimama uani, mgongo kwetu, kama mtu anayeangalia mawingu.

"Mjukuu, mwambie mama yako hapo hakuna mtu analala. Hapo ni ofisi."

Nilisimama mlangoni muda mrefu. Kitanda hakikuwepo, lakini miguu haikujua. Mama mkwe alinisukuma kwa kiganja, hapa kati ya mabega, nikajikuta ndani. Kilikuwa chumba tu. Kilinukia mafuta ya kujipaka na karatasi za zamani.

Nikavaa hedifoni. Mteja wa kwanza alikuwa mwanamume mwenye sauti kubwa, na alianza kwa kunitukana, mimi na kampuni na waliotuzaa. Nikamwacha amalize. Nilikuwa na maneno yake tayari, yote, yamepangana mdomoni. Nikayameza moja moja, nikamuuliza ruta yake imewekwa wapi.